Shule Niliiacha Kabla ya Nukta

12 Januari

Dada, shikamoo.

Natumaini u mzima, na mvuke wa masufuria ya shule haujakuchoma tena mkono. Mama je? Magoti? Macho? Mwambie mwanawe mdogo yupo, anakula, anapumua, na kama kuna kinachouma ni makalio tu, maana mabenchi ya hapa aliyatengeneza mtu mwenye ugomvi na binadamu.

Naandika kama tulivyokubaliana. Simu ya nyumbani Mama anaiweka sauti ya juu mpaka jirani naye anaitikia salamu. Karatasi haina mdomo.

Basi sikia: nimeingia! Chuo cha uuguzi, mimi, Chapchap, muuza viatu vya mitumba, umri miaka arobaini na tatu na magego mawili sina. Karani alikishika cheti cha marehemu kaka yetu, Profesa, kwa vidole viwili, akakigeuza, akaupapasa ule mhuri uliovimba pale chini. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mtu anayegonga mlango wa choo. Akasema, "Mzee, sekondari ulimaliza zamani sana." Nikamjibu, "Ndiyo, lakini sijavaliwa. Bado nipo kwenye boksi langu." Akacheka. Dada, mtu akishacheka hakagui tena. Hilo nimefunzwa na barabara kwa miaka ishirini na mbili.

Taabu ni jina tu. Siku ya kwanza mkufunzi aliliita jina la Profesa mara tatu, nami nikawa nageuza shingo kumtafuta huyo mvivu asiyeitika. Kumbe mvivu ni mimi. Sasa wakiita nasimama. Lakini kila nikisimama naona kama nimekalia kiti cha kaka yetu kabla hakijapoa.

Sijutii lakini. Ile miezi saba niliyomuuguza hospitalini, nikimwosha kile kidonda cha mguu alicholetewa na sukari, ndipo nilipojua mikono yangu ina kazi nyingine. Na yule muuguzi wetu mwenye mwanya, unamkumbuka? Aliniambia, "Una mikono ya kazi hii, mbona unaimalizia kwenye viatu?" Siku Profesa alipokata roho, yule mama alilia kuliko sisi wenye msiba. Ndiyo maana baada ya mazishi nilimpelekea jozi ya viatu, saizi nilimpimia kwa macho, vikamkaa kama alizaliwa navyo. Nikasema moyoni, mimi nataka kuwa mtu wa namna hii. Ukikutana naye, mwambie nimeingia.

Profesa alisoma, kikabaki cheti. Mimi sikusoma, nikabaki mimi. Tukiunganisha tunapata mtu mmoja mzima, au siyo?

Mdogo wako,
Chapchap


2 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako ilikaa kwa kondakta wa basi wiki mbili, anasema aliisahau kwenye koti. Sisi ni wazima. Mkono wangu umepona, limebaki baka. Paa la jikoni la shule limeng'oka upande mmoja, mvua ikinyesha napika na mwavuli. Watoto wanacheka.

Mama magoti ni yale yale. Macho yanazidi kuwa na ukungu. Mimi ananijua kwa hatua. Anamwambia kila mtu kwamba kitindamimba wake anasomea udaktari. Nikimwambia ni uuguzi anasema, "Si ndio wanaoamka mapema?"

Sasa kuna jambo. Unajua kile cheti Mama anakitoa kwenye sanduku kila Jumapili, anakiweka mapajani. Baada ya wewe kukichukua niliweka nakala niliyopiga duka la picha, nikaifunga ndani ya nailoni ile ile. Nilidhani haoni, hatajua. Jumapili iliyopita alikitoa kwenye nailoni akakipapasa pale chini, akapapasa tena. Akaniuliza, "Mhuri umekwenda wapi?" Nikamwambia umelala kwa sababu ya unyevu. Lakini nilimwona anaendelea kupitisha kidole, kama mtu anayetafuta kifungo kwenye shati.

Hiyo ndiyo kazi uliyonipa. Sikukukatalia, basi sina cha kusema.

Soma. Usicheze cheze sana. Na yule muuguzi usimtaje taje kwenye barua zako. Sijakutana naye wala sitakutana naye.

Dada yako


3 Machi

Dada, shikamoo, na Mama mpe shikamoo mbili, moja ya macho.

Hapa salama. Nimepungua mpaka mkanda nimeutoboa tundu jipya. Chumbani tuko wanne. Watatu wana umri wa watoto ambao ningekuwa nao kama ningeoa mapema badala ya kufukuzana na wateja. Wananiita Baba. Mmoja wa darasa letu, binti wa miaka ishirini mwenye miwani minene, ananiita Baba na hapo hapo ananikemea kama mama mkwe. "Baba, kucha! Baba, kofia!" Nampenda huyo.

Wodini, Dada, niache nijisifu. Tumeanza mazoezi na wagonjwa. Wenzangu wanaanza na faili, mimi naanza na miguu. Si ndiyo nimetazama miaka yote? Juzi kuna mama amelala anasema hajambo kabisa. Nikaona vifundo vya miguu yake vimejaa, ngozi inang'aa. Nikabonyeza, kidole kikaacha shimo. Nikamwita msimamizi wa wodi. Daktari akaja, akamsikiliza moyo, akabadilisha dawa zote. Msimamizi akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia, "Huyu mama kiatu chake cha juzi leo hakimwingii." Nimekuwa maarufu. Kidonda nafunga vizuri kuliko wote. Mgonjwa namgeuza bila kumuumiza. Kuna mzee mmoja fundi saa, ana sukari kama ya Profesa, hataki mtu mwingine amuoshe mguu ila mimi. Ananiambia, "Wewe una mkono wa saa ndogo."

Kinachonitesa ni hesabu. Si za kujumlisha, zile nawashinda wote. Ni hizi zenye nukta. Sifuri nukta sifuri kitu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, Baba alipofariki, na nukta nadhani walikuwa wanaifundisha darasa la tano. Niliondoka kabla ya nukta! Mtihani wa kwanza wa hesabu za dawa nimepata kumi na tisa katika mia. Mkufunzi akaangalia faili: cheti kinasema hesabu nilifaulu vizuri sana. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia uzee. Akacheka.

Yule muuguzi mbona hutaki atajwe? Au viatu vilimbana?

Chapchap


15 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama amekohoa siku tatu, ameacha. Paa wamelirudisha.

Nina swali moja tu, naomba ujibu bila mzaha. Hizo hesabu zenye nukta ni za nini? Ni za mtihani tu, au ni za kumpa mtu dawa?

Dada yako


20 Aprili

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa zamu mfululizo, mpaka nikifumba macho naona shuka. Mama ameacha kukohoa kweli au unanituliza? Mchemshie maji kila siku, na dirisha lifungue, usimfungie kama nguo za msimu.

Umeuliza nukta ni za nini. Ni za vyote viwili, na nina kisa cha kukuchekesha, kaa chini kwanza.

Dawa ya sukari, ile ya kudunga, ina bomba lake dogo lenye mistari yake. Daktari akiandika nane, unavuta mpaka mstari wa nane, kwisha, hata mtoto anaweza. Sasa wiki iliyopita yale mabomba madogo yaliisha wodini. Ikabidi tutumie ya kawaida. Na ya kawaida mistari yake haifanani, lazima upige hesabu: nane inakuwa sifuri nukta sifuri nane. Yaani tone. Mimi nikavuta sifuri nukta nane. Sifuri moja niliiona ya nini, ni sifuri tu, haina kitu ndani! Kumbe nimevuta mara kumi.

Basi nimemkunja mzee fundi saa shati, nimempangusa mkono, tunataniana, ananiuliza kama saa za mochwari huwa zinakwenda mbele au nyuma, sindano iko juu ya ngozi. Binti wa miwani akapita. Akanishika mkono, Dada, alinishika kama mwizi! Akachukua bomba, akalitazama kwenye mwanga, akaenda kulimwaga kwenye sinki. Mzee akauliza, "Vipi, imeharibika?" Nikamwambia, "Ilikuwa saizi kubwa, nakuletea inayokukaa." Tulicheka sote mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatukemea.

Jioni binti akaniambia ile ingemlaza mzee, angetoka jasho, angepoa, asingeamka. Nikamwambia, "Basi mwanangu, leo umeokoa wawili." Bado nacheka nikikumbuka uso wake.

Binti hajamwambia mtu. Amesema atanifundisha.

Chapchap


28 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Sisi hapa tuko wazima. Mama anakohoa kidogo tu. Dirisha nimefungua. Jirani amepata mjukuu. Bei ya kuni imepanda, shule inataka kununua jiko la gesi, mimi nimesema nitaliogopa. Sabuni uliyoiacha bado ipo. Ule mti wa uani umeanguka wenyewe, bila upepo.

Barua yako niliisomea jikoni. Chakula cha watoto mia nne kikaungua. Miaka kumi na sita nimepika pale, sijawahi kuunguza.

Ondoka huko. Rudi nyumbani. Meza yako ya viatu ipo, nimeifunika. Usisubiri mwisho wa muhula. Usiguse tena sindano, hata ya kushonea.

Usiniulize sababu.

Dada yako


11 Mei

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nne. Nikaisoma na mara ya tano nione kama sababu imejificha nyuma. Haipo.

Yaani unaniambia rudi, kama mtoto aliyetumwa chumvi akachelewa. Mtu nina miaka arobaini na tatu. Miaka ishirini na mbili nimepiga magoti mbele ya watu nikiwavalisha viatu, wanapita bila kununua, nami nacheka. Nacheka mvua, nacheka jua. Wote mnasema Chapchap hana shida, Chapchap ni mtu wa furaha. Nani aliniuliza? Hapa kwa mara ya kwanza napiga magoti, mtu ananishika kichwa anasema asante. Mnataka nirudi kwenye meza.

Nilikosea mara moja. Sindano haikuingia. Nimeacha kudunga mpaka binti aseme niko tayari, ananisimamia kila siku baada ya kazi. Unataka nini zaidi? Au kwako mimi ni yule yule wa darasa la nne, na aliyestahili ni Profesa peke yake? Sema tu, nitacheka.

Sasa nisikilize, hili ni la haraka. Chuo kinaziandikia shule zote kuhakiki vyeti vya wanafunzi. Cha Profesa ni cha shule hiyo hiyo unayopika. Mwalimu mkuu wenu ni mgeni, hakumjua marehemu. Akiona jina la ukoo atakuja kukuuliza wewe. Sema neno moja: ndiyo. Ndiyo, ni ndugu yangu, yupo, anasoma. Wala si uongo mkubwa ukiupima. Ni ndugu yako. Na mimi nipo.

Neno moja, Dada. Sijawahi kukuomba kitu kidogo kuliko hiki.

Mama nisalimie. Sina mzaha leo, umekwisha.

Chapchap


19 Juni

Dada, shikamoo, shikamoo tena, na shikamoo ya tatu ya akiba.

Wiki tano hujajibu. Nilidhani kondakta na koti lake. Nikamtuma mtu amuulize, akasema hakuna barua. Basi umenuna. Nuna tu, ila ukimaliza kununa soma hii, maana nina habari ya kukutoa nje ukiruka na mwiko mkononi.

Nimeijua nukta!

Ni binti. Alihangaika nami wiki nne, kwa chaki, kwa vijiko, kwa maji kwenye chupa, kichwa kimefungwa. Siku moja akachoka, akaniuliza, "Baba, viatu vyenu vilikuwa saizi gani na gani?" Nikamwambia kuna saba, kuna saba na nusu, kuna nane. Akaandika: saba nukta tano. Akaniambia, "Saba na nusu ndiyo hii." Yaani nukta nilikuwa naishika kila siku! Nilikuwa naiuza! Tukaenda nayo kidogo kidogo: nusu ya nusu, sehemu ya kumi, sehemu ya mia. Kile kisifuri nilichokidharau nikaona kazi yake. Ni kama soli ya ndani, haionekani, lakini ukiitoa mguu unacheza.

Mtihani wa hesabu za dawa: themanini na moja. Wa tatu darasani. Karatasi nimeibandika ukutani kwa gamu, anayetaka kuitoa atoe na ukuta.

Na jana nimemdunga mzee fundi saa mwenyewe, binti pembeni, msimamizi wa wodi pembeni. Nane, kamili. Kisha nilikaa naye saa nzima nimemshika kiganja. Hakutoka jasho. Hakupoa. Akaniuliza, "Unanitazama hivyo mimi nimekuwa bibi harusi?" Nikacheka, nikaenda chooni, nikalia kama mtoto.

Muhula wa kwanza unaisha wiki ijayo. Mkuu wa chuo amenitumia kikaratasi nifike ofisini kesho saa tatu asubuhi, kimeandikwa tu "jambo la faili". Wenzangu wanasema ni pongezi za ile themanini na moja. Nimeazima shati.

Chapchap


20 Juni

Mdogo wangu,

Sijui kama hii itakuwahi. Nimeandika nikachana, siku kumi na sita sasa. Mama ni mzima. Sina habari nyingine za kuanzia, nimezitafuta.

Mwalimu mkuu alikuja jikoni tarehe nne. Alikuwa na barua ya chuo. Nilikuwa nakoroga. Aliniuliza, "Mama mpishi, huyu ni wa kwenu?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Yupo?" Nikasema, "Amekufa."

Akaandika hapo hapo, amesimama, karatasi ameiweka juu ya pipa la unga.

Ni mimi. Usimtafute mwingine. Sikuweza kukuandikia kwa sababu ningeandika hilo ingenibidi niandike na sababu, na sababu nimeificha karibu miaka miwili. Sasa chukua.

Siku Profesa alipofariki, wewe ulikuwa umekwenda kutafuta gari. Mkuu wa wodi aliniingiza stoo, kwenye maboksi ya pamba, akafunga mlango. Akaniambia mabomba madogo ya sukari yaliisha asubuhi ile. Muuguzi alitumia la kawaida. Alikosea hesabu. Yule mwenye mwanya. Ndiyo maana alilia kuliko sisi.

Nilimwambia mkuu yule, basi, yameshapita. Sikutaka Mama asikie, angemfuata mwanawe. Nikatoka nikakukuta umemshika yule mama mikono yote miwili unamshukuru. Nikashindwa. Baada ya mazishi ukampelekea viatu. Nikashindwa tena. Ukasema unataka kuwa kama yeye, ukaniomba cheti, na ningesema hapana ungeuliza kwa nini. Nikakupa.

Kisha umeniandikia kisa cha kunichekesha.

Yule mzee fundi saa ana dada. Au ana binti, ana mtu. Nilipokuwa nakoroga nilimwona huyo mtu yuko stoo, kwenye maboksi ya pamba, mlango umefungwa.

Sijui kama nimefanya sawa. Sikuombi unisamehe.

Dada yako


30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama mzima.

Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana kama wewe. Tumefanana angalau hapo.

Barua yako ilifika siku mbili baada ya mimi kutoka. Binti wa miwani aliniletea stendi. Mkuu wa chuo, mama mtu mzima, hakunifokea, afadhali angefoka. Alikuwa na barua ya shule mezani, na pembeni yake ile karatasi ya themanini na moja. Aliziangalia zote mbili muda mrefu. Akasema, "Ungekuja na jina lako tungekupokea ufagiaji, ungepanda polepole." Nikamwambia, "Mama, mimi sikujua kuna mlango huo." Ni kweli, sikujua. Akasema polisi hataita. Akachukua cheti, akagonga mhuri mwekundu mkubwa, BATILI, katikati, juu ya jina la Profesa. Kisha akanirudishia, akasema ni mali ya familia. Shati la kuazima nikalivua hapo hapo uani.

Wodini sikuruhusiwa kuaga. Binti anasema mzee aliniulizia siku nane, kisha akahamishwa.

Yule muuguzi nimemkasirikia siku tatu. Nilipanga nimfuate, nimvue vile viatu barabarani. Siku ya nne hasira ikaniishia. Kila nikitaka kuuona uso wake naona mkono wangu, umeshika bomba, umevuta sifuri nukta nane, nami nacheka.

Wewe ndiye nimeshindwa nikuweke wapi. Ungeniambia siku ile ile, nisingekuja huku kabisa. Ungeniambia Aprili, wallahi ningetoka mwenyewe kwa miguu yangu. Umeniambia Juni, baada ya kumwambia mtu mwingine, na mimi nukta nimeshaijua. Wiki mbili, Dada. Ulisema "amekufa" tarehe nne, mimi nilifaulu tarehe kumi na nane. Sisemi ulikosea. Ningekuwa mimi jikoni, ningesema nini? Nimejiuliza mpaka kichwa kimekwisha. Lakini pia siwezi kukwambia ulifanya sawa. Usiningojee niseme.

Nimepata kazi, hospitali nyingine, mji mwingine. Mochwari. Naosha, nafunga taya, navalisha. Hapa hakuna dozi. Wateja hawalalamiki, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna anayeniambia kiatu kinambana. Mzaha huo nimeutunga jana, sikucheka. Nikimaliza kuosha mtu huwa nageuza kiganja chake nakishika kidogo, kwa mazoea tu. Msimamizi aliniona, akaniambia nisipoteze muda.

Wamenisajili kwa jina langu. Siku ya kwanza wakaliita nami nikachelewa kuitika, nilikuwa nangoja lile lingine.

Nyumbani sirudi kwa sasa. Ile meza ya viatu mpe anayeitaka. Nakirudisha cheti, kimo humu ndani ya bahasha, nimekiwekea kadibodi kisikunjike. Mpe Mama. Usimwambie kitu.

Mdogo wako


16 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipata bahasha, haikukunjika.

Mama ni mzima. Macho sasa ni ukungu mtupu, anajua tu dirisha liko wapi. Jumapili nilimsubiri alale kidogo nikatoa nakala, nikaweka cheti chenyewe. Ule wekundu nilipouona nilitaka kuufuta kwa mate. Haufutiki.

Alipoamka akakitoa kama kawaida. Akapitisha kidole. Alipofika pale chini akasimama. Akarudia. Kisha akaita kwa sauti, nilikuwa uani, nikadhani ameanguka. "Mhuri umerudi! Njoo uone, mhuri umerudi!" Nikaingia. Akanishika mkono, akakisugua kidole changu pale, nami niupate. Kidole chake kingine kilikuwa kimelala juu ya yale maandishi mekundu. Hayajavimba. Hakuyajua.

Alikaa nacho mapajani mpaka jua lilipohama dirishani. Alifurahi, mdogo wangu. Sijamwona hivyo tangu msiba. Wakati nakirudisha kwenye sanduku akaniuliza, "Na huyu mdogo, yeye chake kitakuwa na mhuri kama huu?"

Nikamwambia ndiyo.

Neno lile lile uliloniomba.

Dada yako